Kisigino cha Mkwe

Ukiwa na kiatu kinachokunywa maji, njia ilikuwa moja tu. Unaingia lile jengo la ghorofa tatu lililobanduka rangi, unapita korido, unainamisha kichwa usijigonge, na hapo chini ya ngazi unamkuta Profesa amekaa kwenye kigoda chake, misumari midogo kaibana midomoni, redio imefungwa kwa raba isifunguke mgongo. Hakuwahi kufundisha darasa lolote duniani. Alikuwa fundi viatu, mwaka wa thelathini na moja sasa, na huo uprofesa alipewa na fundi saa, jirani yake wa ng'ambo ya korido, kwa sababu ya tabia moja: Profesa hapokei kiatu bila kukigeuza tumbo juu na kukisoma.

"Wewe unabeba mkoba bega la kushoto," angemwambia karani aliyeleta kiatu kubandikwa soli. "Hamishia la kulia, mgongo wako utanishukuru." Mama mmoja alimwambia, "Goti lako la kulia linakusumbua, ila hujamwambia mtu." Yule mama alimkodolea macho, kisha akakaa kwenye benchi akaeleza habari za goti mpaka adhuhuri. Uso unaupaka poda, Profesa alipenda kusema, lakini soli huipaki kitu. Na kwa hilo, tuseme ukweli, kichwa kilikuwa kimemvimba kidogo.

Alijaliwa mtoto mmoja, binti, kifungua mimba na kitinda mimba kwa mkupuo mmoja. Binti huyo aliolewa na mpakiaji mizigo wa ghalani, bonge la mtu, akisimama mlangoni unajua leo upepo hauingii. Alikuwa bondia wa uzito wa juu, na ulingoni walimwita Kabati. Nje ya ulingo alikuwa mpole, na mbele ya baba mkwe wake upole ule ulizidi ukawa kama maradhi. Heshima ya mkwe na baba mkwe ni kitu kizuri, nani anabisha, ila ya hawa wawili ilivuka mpaka. Siku moja walikutana sebuleni kwa Profesa, kila mmoja akamsubiri mwenzake akae kwanza. Wakasikiliza taarifa ya habari nzima wamesimama, na michezo, na hali ya hewa, mpaka mke wa Profesa akawaletea chai wakainywa wima.

Basi, mwaka ule Kabati akapangiwa pambano na Tingatinga, bondia wa upande wa pili wa mji, jitu lisilojua njia nyingine ila ya mbele. Siku chache kabla ya pambano, Kabati alileta buti zake za ulingoni zishonwe. Profesa akazigeuza. La kushoto safi. La kulia, kisigino kimelika mpaka kitambaa kinachungulia. Akaelewa palepale. Mkwe wake akichoka anakaa juu ya kisigino cha mguu wa nyuma, uzito wote unahamia huko, na kabati lililoegemea nyuma halina haja ya kupigwa, linasukumwa tu.

Je, alimwambia mwenyewe? Wapi. Alizishona, akazipiga brashi, akamkabidhi kwa mikono miwili. "Kila la heri, mkwe." "Ahsante, baba." Basi. Utaanzia wapi kumwambia mkwe wako kwamba hajui kusimama? Lakini mdomo nao una muwasho wake. Mchana uleule, fundi saa na muuza magazeti wakiwa kwenye benchi pamoja na wateja watatu, Profesa aliweka nyundo chini akatoa utabiri: Kabati ataongoza raundi tatu, ya nne atachoka, atakalia kisigino, Tingatinga atapitisha mkono wa kulia kwa juu, na habari itaishia hapo.

Ikawa vilevile, kama aliyeandika mwenyewe. Raundi ya nne, mkono wa kulia, Kabati chali. Kesho yake korido haikupitika. Watu waliacha kazi zao kuja kumwona mtu aliyeona, na Profesa akapokea pongezi wiki nzima, akiwaonyesha kwa kiatu cha mteja mwingine jinsi kisigino kinavyomsaliti mwenyewe. Alinogewa. Alinogewa mpaka maneno yakafika kwa binti yake.

Binti alikuja mwenyewe, mtoto mgongoni. Hakukaa wala hakupaza sauti.

"Baba, uliona?"

"Niliona, mwanangu. Ilikuwa wazi kabisa."

"Ukamwambia muuza magazeti."

Profesa akaweka nyundo chini.

"Ukamwambia na fundi saa. Mume wangu hukumwambia."

Akageuka, akapita korido, akaenda zake. Tangu siku ile, miezi mitano, hakuonana na baba yake. Alikuja kumwona mama yake saa ambazo mzee yuko kazini, na mzee akirudi anakuta vikombe viwili vimeoshwa na harufu ya mafuta ya mtoto sebuleni. Mjukuu aliota meno mawili na Profesa akasimuliwa tu, kama habari za nchi ya mbali. Iliuma, na kilichouma zaidi ni kwamba binti alikuwa amesema kweli tupu.

Ndipo yakatangazwa marudiano. Mabango yalibandikwa kila mahali, mpaka kwenye mlango wa choo cha lile jengo, Kabati na Tingatinga wamekunjiana sura. Benchi la chini ya ngazi likajaa tena, hata watu wenye viatu vizima.

"Haya Profesa, tusomee," fundi saa akasema. "Safari hii raundi ya ngapi?"

"Sitabiri."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Nimefunga duka la kutabiri, nimebaki na la viatu."

Walimbembeleza wakachoka. Mwishowe fundi saa akashika usukani yeye, maana benchi haliwezi kukaa bila mtabiri. Alisema kila bondia ana springi ndani, na Tingatinga ni saa ya kujazwa kwa mkono, inakwenda dakika ishirini halafu inasimama. Muuza magazeti, mwanamke aliyefuatilia ndondi kuliko wanaume wote wa korido ile, akamwambia aache kulinganisha watu na bidhaa zake mbovu. Tingatinga, alisema, atakuja mbele kama mara ya kwanza, kwani mtu huacha njia iliyompa ushindi? Wote wakakubali. Profesa aligonga msumari, macho chini, akakubali kimoyomoyo.

Siku kumi kabla ya pambano, Kabati akaja na buti zilezile.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mkwe. Nyumbani?"

"Wazima, baba."

"Na mtoto?"

"Anatambaa, baba."

 Profesa akapokea buti, akasema aje kesho, na Kabati akaondoka kinyumenyume mpaka akajigonga kichwa kwenye ngazi, akaiomba radhi ile ngazi. Alipopotea tu, Profesa akageuza buti la kulia. Kisigino kimelika kama mwanzo. Miezi mitano ya mazoezi, na hakuna aliyemwambia.

Alikaa nalo mapajani muda mrefu. Akisema, amemvunjia mkwe heshima. Asiposema, ni yaleyale ya mara ya kwanza, na binti hatarudi tena. Hapo akapata wazo, na lilikuwa wazo la fundi viatu hasa. Alikata kipande cha ngozi ngumu, mviringo kama kifungo cha koti, akakishonea chini ya soli ya ndani, katikati ya kisigino. Mtu akisimama kwa vidole hakisikii. Akikalia kisigino tu, kinamdunga. Kiatu kitamwambia chenyewe, Profesa akajisemea, akafurahi akapiga mluzi.

Haikupita wiki. Walikuwa mezani mchana wa Jumapili, yeye na mkewe, na mkewe akasema, "Mkweo anachechemea."

"Anachechemea vipi?"

"Binti yako anasema buti la kulia lina kitu kama kokoto. Kila akitoka mazoezini anakanda kisigino kwa maji ya moto."

"Sasa mbona hakulirudisha?"

"Alirudishe aseme nini? Kwamba baba mkwe hajui kushona? Amemwambia kocha wake huenda ndiyo mtindo mpya wa buti." Mkewe akaanza kucheka, akacheka mpaka akaweka kijiko chini na kujifuta macho. Kisha akamwona Profesa anavyotazama sahani, na kicheko kikamkatika. "Subiri. Ni wewe uliyekiweka?"

Profesa akaeleza yote, habari za kisigino na kifungo na kiatu kitakachosema chenyewe.

"Sikiliza, babu," mkewe akasema, na alimwita babu pale tu alipotaka kumkumbusha umri wake. "Umemwambia kwa kiatu. Na huo mdomo Mungu alikupa wa nini, wa kubania misumari?"

Jumatatu saa nane mchana Profesa alifunga kazi, jambo ambalo korido ilikuwa haijaliona, akapiga moyo konde akaenda mazoezini kwa mkwe wake. Kilikuwa chumba nyuma ya ghala, sakafu ya saruji, mfuko wa kupiga umetiwa viraka vya gunia, harufu ya jasho na dawa ya kuchua. Kabati alimwona, akaacha kupiga, akasimama wima kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Wakasimama. Profesa akaona hawa sasa wataanza tena mambo ya chai ya wima. Akaketi chini, kwenye saruji, miguu mbele. Kabati akashtuka, akatazama huku na huku, na kwa kuwa haiwezekani kumsimamia baba mkwe kichwani, naye akaketi.

"Vua buti la kulia, mkwe."

Akalivua. Profesa akatoa kisu kidogo, akakata nyuzi mbili, akachomoa kile kipande cha ngozi na kukiweka sakafuni baina yao.

"Hiki nilikiweka mimi."

"Nilidhani umekosea, baba."

"Sikukosea. Nilikusudia."

"Nami nikasema, fundi wa miaka thelathini hawezi kukosea hivi." Kabati alikunja uso akitafuta maneno. "Lakini baba, kisigino sasa kinaogopa kushuka. Kocha anasema nimeanza kusimama kama mtu."

Ingewezekana kuishia hapo, wakaagana kwa heshima zao. Profesa alikuwa hata amekwisha kunyanyua goti. Akalirudisha chini.

"Mara ya kwanza niliona vilevile," akasema. "Kisigino kilekile. Niliona, nikawaambia watu wa benchi, wewe nikakuficha. Niliona haya. Nisamehe, mkwe wangu."

Kabati alitazama mikono yake iliyofungwa bendeji. "Mimi nilikwisha kusamehe, baba. Ila mwenye kesi si mimi. Ni binti yako."

"Najua."

"Yule hasamehe kwa kuombwa. Anataka kuona."

Na sasa, kizibo kikiwa kimetoka, Profesa hakunyamaza tena. Akachomoa mfukoni kipande cha gazeti alichokatiwa na muuza magazeti: picha ya Tingatinga akipumzika, miguu juu ya kamba za ulingo, soli zote mbili zinamtazama mpiga picha. Profesa aliikagua siku tatu kwa ile lenzi ya jicho ya fundi saa. Ncha za mbele zilikuwa zimelika zote mbili, visigino vipya kabisa.

"Umeona? Anasukuma mbele kuliko hata mara ya kwanza. Huyu atakuja kama lori lisilo na breki. Usimfuate hata hatua moja. Kaa katikati ya ulingo, kwa vidole, msubiri. Akifika, mpe."

"Nimsubiri."

"Msubiri mpaka aje."

"Sawa, baba," Kabati akasema, na alipokuwa akimwambia baba mkwe sawa, ilikuwa sawa ya kweli.

Pambano lilikuwa Jumapili saa tisa alasiri, kwenye ukumbi wa michezo wenye madirisha ya juu na feni mbili zinazozunguka kwa kulazimishwa. Profesa alikaa safu ya sita na mkewe, fundi saa kushoto, muuza magazeti nyuma. Binti yake alikuwa safu ya kwanza, nyuma ya kona ya mumewe, mtoto mapajani. Alimpungia mama yake mkono. Baba yake alimtazama kidogo, akageuka mbele.

Kengele ikalia. Kabati akaenda katikati ya ulingo, akasimama kwa vidole, vizuri kabisa, akasubiri. Na Tingatinga akarudi nyuma. Alizunguka kandokando ya kamba, akanyoosha mkono wa kushoto, akagusa, akaondoka, kama mtu anayepima pasi kama imepata moto. Raundi ya kwanza ikaisha hivyo. Ya pili vilevile, akagusa, akaondoka, na kila mguso majaji wanaandika. Raundi ya tatu watu wakaanza kupiga miluzi.

"Mkweo anasubiri nini pale katikati?" fundi saa akauliza. "Basi la saa kumi?"

 Profesa alijua Kabati anasubiri nini. Alikuwa amewekwa pale na yeye. Akaitazama miguu ya Tingatinga, akaitazama vizuri. Jitu lile lilikuwa linarudi nyuma kwa vidole, kila hatua linaburuza ncha za buti sakafuni. Ncha za mbele hulika kwa anayesukuma mbele. Kumbe hulika pia kwa anayejifunza miezi mitano kukimbia kinyumenyume. Viatu vyote alivyosoma Profesa tangu ujana vilikuwa vya makarani na walimu na wauza mboga, watu wanaokwenda mbele kutafuta riziki. Hakuwahi kushona kiatu cha mtu ambaye kazi yake ni kurudi nyuma.

Raundi ya nne ikapita hivyohivyo. Kocha alikuwa anafoka pale konani, anaonyesha kwa mikono, mfuate, mfuate, na Kabati anatikisa kichwa kwa adabu. Alikuwa ameahidi. Mkwe yule angesubiri pale katikati mpaka kesho kutwa, ashindwe kwa pointi zote, kisha aje kumshukuru baba kwa ushauri. Safu ya kwanza, binti alikuwa amembana mtoto mpaka mtoto analalamika.

Profesa akasimama. Nyuma yake walikaa watu wote waliomwita mtu anayeona, korido nzima ilikuwepo. Akashuka baina ya viti akiomba njia, akamkwepa mlinzi, akafika chini ya kona kabla kengele haijalia.

"Mkwe, nimekosea," akaita. Ukumbi una kelele, Kabati hakusikia. Akavuta pumzi. "Mkwe! Nimekosea! Hatakuja! Mfuate!"

Safari hii kila mtu alisikia. Kicheko kikaanzia safu ya sita kikasambaa. "Profesa amekosea, jamani," mtu akapaza sauti huko juu, na wengine wakadakia. Profesa hakugeuka. Akarudia tena, pole pole, kama anayemwagiza mtu dukani: "Nilisoma vibaya, mkwe wangu. Mfuate." Kabati alimtazama juu ya bega la kocha, na kinga ya meno mdomoni akasema kitu ambacho, kwa mwenye kumjua, kilikuwa ni sawa, baba. Binti alikuwa amegeuka kabisa kitini, anamtazama baba yake mdomo wazi.

Kengele ikalia na Kabati akaanza kutembea. Kisigino hakikugusa chini. Tingatinga alikuwa amejiandaa miezi mitano kwa kabati, akakuta kumbe lina magurudumu. Raundi ya tano alikuwa bado na pa kukimbilia. Ya sita kamba zilianza kumgusa mgongo. Muuza magazeti alikuwa juu ya kiti, anatoa maelekezo ambayo kocha mwenyewe angeyaandika. Raundi ya saba Tingatinga akarudi nyuma, akarudi tena, akafika kwenye kona, na hapo hapakuwa na nyuma nyingine. Ngumi ilikuwa ya kulia, fupi, na mwamuzi akahesabu mpaka kumi bila haraka, maana hapakuwa na haja ya haraka.

Nje jua lilikuwa bado kali. Profesa alisimama karibu na mlango na mkewe, na waliompita hawakumwacha. "Profesa, hebu tabiri mvua, ili tuanike nguo." "Profesa, hiki kiatu changu kinakwenda mbele au kinarudi?" Fundi saa alimwambia kwamba kuanzia kesho utabiri wote wa jengo utatoka ng'ambo ya korido. Profesa alicheka nao, kicheko cha kweli. Kisha akaona watu wanampisha mtu, akaacha kucheka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Binti alisimama mbele yake, mtoto begani. "Leo umekosea."

"Nimekosea sana."

"Umekosea mbele ya mji mzima."

"Ningefanyaje? Yeye alikuwa ananisikiliza."

 Binti akamtoa mtoto begani, akamweka mikononi mwa baba yake, akamvuta soksi iliyokuwa inateleza.

"Mume wangu anaoga," akasema. "Akitoka tunakwenda kwetu. Ana njaa ya siku mbili yule."

Miezi mitano alikuwa akisema "kwa mama". Mke wa Profesa alilisikia lile neno, akamminya mumewe kiwiko.  Profesa akamshika mjukuu vizuri zaidi, akalia palepale mlangoni, fundi saa anamwona, muuza magazeti anamwona, na wala hakugeuza uso.